Vyama Vitatu vya Kuitetea Videoke

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Aling Perpetua, jirani yangu, mwalimu mstaafu, anataka barangay, yaani serikali yetu ya mtaa, ipige marufuku videoke siku za kazi. Mashine yangu ya kuimbia, ninayoikodisha! Ndiyo inayotulisha! Eti chama chake cha wapenda utulivu kimechoka. Kapitan, mkuu wa barangay, atasikiliza Ijumaa, tena vyama tu, na viliko vingi ndiko atakakoegemea. Mwalimu ana kimoja. Mimi nishindwe kuwa na vitatu?

Jumanne, 4 Machi
Nimeanzisha Chama cha Wazee Waimbaji, Chama cha Akina Mama, na Umoja wa Madereva wa Traisikeli. Nimepika sufuria nzima ya pansit. Mtaani kwetu hakuna anayekataa kutia saini mbele ya sahani ya tambi. Mke wangu Luzviminda kaniambia penye wengi pana mengi. Nimemwambia asinitie nuksi.

Jumatano, 5 Machi
Wazee wamerudi. Nikadhani wanataka pansit. Kumbe wanataka mkutano! Wamechagua mwenyekiti, Mang Teroy. Si mimi! Kanipigapiga bega: asante kwa kutukusanya, mwanangu, sasa tupangie viti. Hivi nani kapika? Jioni akina mama nao wakachagua mwenyekiti wao. Viti nikapanga tena.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu. Wazee wamesema usingizi wa mchana wameusahau. Akina mama: watoto wana mitihani. Tegemeo langu likawa madereva. Wakasema nikianza kuijaribu mashine kwa sauti yangu, abiria wanakimbilia kituo cha mtaa wa pili. Vinne kwa sifuri! Videoke ni Jumamosi na Jumapili basi. Mlangoni Aling Perpetua kanishika mkono, anacheka mpaka machozi. "Berting, miaka miwili nawabembeleza hawa wajiunge. Wewe siku moja tu!" Nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi, 8 Machi
Nimewaza sana. Kosa si langu hata kidogo. Vyama vimezidi mtaani! Kwa hiyo leo nimeanzisha Chama cha Kupinga Vyama. Pansit sufuria mbili. Wa kwanza kufika ni Aling Perpetua. Kala sahani mbili, katia saini, kisha kasema uenyekiti ni mzigo mzito, atanibebea yeye. Kumbe ana roho nzuri! Viti nimeshapanga.