Ubeti wa Sita wa Halua

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Leo nimebandika masharti mlangoni. Karatasi nzima ya manila, kalamu nyekundu! Sauti Wazi, mradi huru wa muziki, Mkomani, Lamu. Mwasisi, fundi na msemaji: mimi, Taufiq.

Sharti la kwanza: kila kinachorekodiwa kitasikika na kila mtu, makosa na yote. La pili: mradi utadumu kwa nguvu zake, kwa umeme wa jua, bila matangazo ya sabuni. La tatu: hakuna sauti itakayonyooshwa kwa mashine. La nne: kila rekodi itaanza kwa tarehe, mahali na jina la fundi, ili msikilizaji asidanganywe.

Wapita njia watatu wamesimama kusoma. Wawili walitaka kujua kama bado natengeneza simu. Ndiyo, bado natengeneza.

Binamu yangu Husni akapita na spika yake begani. Yeye hurekodi nyimbo za harusi, na mashine yake inaweza kumfanya mbuzi aimbe kama kinanda. Alisoma manila yote, kisha akauliza sabuni imenikosea nini. Ana wasikilizaji elfu tisa mtandaoni. Mimi nina kumi na wanne. Watatu ni mimi.

Haidhuru. Muziki si mashindano ya punda.

Jumapili, 5 Oktoba

Mke wangu Rumaisa ni mwalimu wa hesabu. Asubuhi aliniambia maadili ya mradi ameyaona na yamempendeza. Je, muziki uko wapi?

Swali zito. Hadi sasa nina mvua juu ya mabati, pampu ya jirani, na mimi nikipiga chafya mara tatu. Chafya ndiyo iliyopendwa zaidi.

Kisha akasema, huku akisahihisha madaftari, kwamba shangazi yangu Nana wa Mbwajumali huimba akipika halua. Beti sita, kila hatua ya mapishi na ubeti wake. Lakini wa sita hakuna aliyewahi kuusikia. Halua ikikaribia kuiva, huwatoa watu wote uani na kufunga mlango. Hata marehemu mumewe alikuwa akitolewa.

Chai imenipolea mkononi. Una nini ubeti huo? Dua? Jina la mtu? Tusi? Kwa nini amtoe nje hata mume? Nimewaza mchana kutwa. Mteja mmoja nimemrudishia simu ya mwenziwe.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda kisiwa cha Pate. Boti hadi Mtangawanda, pikipiki hadi Mbwajumali, vumbi hadi kwenye meno.

Shangazi Nana ni mama wa miaka hamsini na kitu, mnene, mcheshi, mikono imekomaa kwa mwiko. Hapana harusi ya maana visiwa hivi isiyopita jikoni mwake. Nilimweleza Sauti Wazi nusu saa nzima: uwazi, kudumu, ukweli. Alisikiliza vizuri sana. Akaniongezea kahawa. Kisha akasema hapana.

Beti tano, nirekodi nitakavyo, hata kwa ngoma na matarumbeta. Wa sita, la. Ndio unaomwonyesha halua imeiva, na halua ndiyo iliyowasomesha wanawe wanne. Wapishi wangapi wameutafuta! Nilimwambia naelewa na naheshimu.

Na ni kweli naheshimu. Lakini njiani kurudi nilijiuliza: elimu ni ya mtu mmoja? Sharti la kwanza linasema kila mtu. Halisemi kila mtu isipokuwa shangazi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ndiyo siku! Nilirudi Mbwajumali na kikapu cha mchicha, zawadi kwa shangazi. Chini ya mchicha, simu yangu nzuri, imechajiwa kwa jua tupu.

Alikuwa anapika halua ya harusi. Sufuria kubwa ya shaba, samli, iliki, moshi. Akakoroga na kuimba:

*Koroga mwiko koroga, halua haina pupa,*
*Sukari itoke jasho, ndipo wanga kuutupa.*

Sauti gani ile! Nzito, haina haraka, na kila neno likiangukia pale mwiko unapogeuka. Nimeishi miaka arubaini na moja bila kujua kwamba sukari hutoka jasho. Nilitaka kuuliza mambo mia.

Ubeti wa tano ulipokwisha alinitoa. Sikubisha. Niliinama kwanza kukiweka kikapu vizuri, na kwa kuwa mimi ni mtu wa masharti, nikakinong'oneza tarehe, mahali na jina langu. Kisha nikatoka nikakaa na kuku barabarani. Nilitega sikio ukutani. Mawe ya matumbawe hayapitishi kitu.

Aliponifungulia alikuwa na furaha isiyo kifani. Aliuliza kama kikapu changu hakikuona joto. Mkarimu, mama huyu! Hata kikapu anakijali.

Mtangawanda nilipata mtandao. Kidole kikasimama juu ya kitufe. Kwa muda mrefu kidogo, niandike kweli. Nilikumbuka wale wanawe wanne. Kisha nikalikumbuka sharti la kwanza. Mwenye maadili hachagui la kufichua na la kuficha. Nikabonyeza.

Ijumaa, 10 Oktoba

Wasikilizaji elfu sita kabla ya swala ya Ijumaa! Ubeti wa sita uko kwenye kila kinywa Mkomani:

*Ikisha kuwa yang'ara, ndimu saba kamulia,*
*Kamulia hata mbegu, harufu itatulia.*

Ndimu! Nani angewaza ndimu? Hiyo ndiyo siri ya miaka yote.

Alasiri Husni ametoa toleo la kuchezea, na shangazi amenyooshwa hadi anasikika kama filimbi. Nimemwandikia malalamiko ya kurasa mbili kuhusu sharti la tatu. Amenijibu kwa picha ya uso unaocheka.

Rumaisa aliusikiliza wimbo mara mbili. Kisha akauliza kama shangazi alikubali. Nikasema alikubali beti tano. Akasema yeye amehesabu sita. Nikamwelezea uwazi. Akauliza uwazi huo ni wa kitu cha nani.

Kisha akaenda kufua, na leo si siku ya kufua.

Jumapili, 12 Oktoba

Ndimu zimekwisha sokoni. Mji mzima unapika halua. Kila uchochoro unanuka samli. Nimetembea kifua mbele: hii ni kazi yangu, elimu imewafikia watu!

Saa nne nilirudi nikapika yangu, Rumaisa akinitazama kutoka mlangoni. Ilipong'ara nikakamua ndimu saba, mbegu na yote. Halua ikatetemeka. Ikalegea. Ikawa uji. Nikaonja. Ya Rabi! Gundi yenye homa.

Nikadhani ni mkono wangu. Kumbe mama yake Husni alikuwa amewaandalia wageni wa posa halua hiyohiyo, katika sahani za kaure. Ilibidi wainywe. Mmoja alitafuna mbegu akasema mashaallah kwa uchungu.

Husni alikuja akaweka bakuli la uji huo juu ya meza yangu ya kazi. Akageuka akaenda zake. Kisha wengine wakafuata. Kufikia alasiri nilikuwa na mabakuli kumi na moja na hakuna mteja aliyeleta simu.

Nilivaa visikilizi nikairudia rekodi tangu mwanzo. Mimi nataja tarehe. Mimi nataja Mbwajumali. Mlango unafungwa. Na kabla ya ubeti wa sita, kwa mbali, kitu ambacho sikukisikia mwanzo. Mtu anacheka.

Jumanne, 14 Oktoba

Rumaisa ameomba ruhusa shuleni. Tumekwenda Mbwajumali pamoja. Njia nzima hakuniambia kitu ila kwamba nimekalia mkoba wake.

Uani palikuwa na masufuria manne motoni. Kila aliyeharibu halua yake sasa anaagiza kwa shangazi. Nilianza kuomba radhi tangu mlangoni. Nilitaja masharti yangu yote manne na jinsi nilivyoyatumia vibaya. Aliniacha niseme hadi mwisho, akikoroga.

“Taufiq mwanangu,” akasema, “mtu mzima ainame akiambiye kikapu tarehe, nani asiyemsikia? N'na mato, n'na mashikio.”

Wanawake wote waliokuwa pale wakacheka. Nikacheka nao, kwa adabu. Lakini yeye akaacha kucheka mapema. Akasema mara ya kwanza alinikatalia kwa sababu hakunijua mimi ni mtu wa namna gani. Alidhani nitarudi kumwuliza tena, kama mtu anavyomrudia shangazi yake. Pengine angekubali.

“Hukurudi kuniuliza. Ulirudi na mchicha.”

Moshi ulikuwa mwingi uani. Macho yalinitoka machozi. Rumaisa alijua si moshi.

Kisha shangazi akanipa mwiko. Simu akapewa Rumaisa, Rumaisa na wanawake wote wakatolewa nje, na mlango ukafungwa nikiwa ndani! Nikakoroga hadi mabega yakawaka. Akaimba ubeti wa kwanza hadi wa tano. Nikakaza masikio. Sasa!

Akanyamaza.

Nikamtazama. Akanionyesha sufuria kwa kidevu. Nikasikiliza. Halua ilikuwa inachemka kwa povu dogo dogo, pwi, pwi, kama inayowaza. Nikaendelea kugeuza. Povu likapungua. Kisha ikaja sauti ambayo sijapata kuisikia: halua yote kwa pamoja ikaachana na shaba, kama mtu avuaye kiatu kutoka kwenye matope. Mara moja tu. Shangazi akaondoa sufuria motoni.

Ubeti wa sita hauna maneno. Anayeimba ni sufuria.

Nikamwuliza, nikinong'ona, kwa nini basi huwatoa watu, hata mumewe, Mungu amrehemu. Alishangaa kwamba silijui jibu.

“Watu hawanyamazi,” akasema. “Na yeye ndiye aliyezidi.”

Nimeifuta ile rekodi pale pale mbele yake. Toleo la Husni bado linachezwa, lakini shangazi anasema hilo liachwe, linamletea wateja. Tulikula halua ya moto kwenye karatasi, Rumaisa akaniambia nisogee nikae karibu naye, na nikaandika sharti la tano kwenye kiganja: hakuna kurekodi mtu bila kumwomba ruhusa. Nitalibandika nikifika. Kwa wino wa kijani, wa toba.

Mimi ni mtu mpya.

Jumatano, 15 Oktoba

Boti ya asubuhi kutoka Mtangawanda. Bahari shwari. Rumaisa alisinzia begani kwangu.

Nahodha, Bwana Abdulhalim, ni mtu mrefu mwenye kofia iliyopauka, na kumbe huvuma wimbo puani akiwa usukani. Hajui kwamba anauvuma! Sauti ya chini, sawasawa na injini. Nikasikiliza. Baada ya muda akabadilisha, akapanda juu kidogo. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Injini ikakohoa. Akarudi chini, injini ikatulia. Akapanda tena. Injini ikakohoa tena!

Nani anamfuata nani? Injini inamfundisha, au yeye ndiye anayeiongoza? Je, akinyamaza, tutafika? Hili ni jambo la elimu. Dunia nzima inapaswa kulisikia.

Nikaitoa simu taratibu kwenye mkoba wa Rumaisa, nikaiweka ndani ya jaketi la kuokolea maisha, kifuani. Lakini sharti ni sharti. Nikaenda nyuma kabisa, penye injini, yeye akiwa kule mbele usukani, na kwa unyenyekevu wote, kwa sauti ya chini isiyomshtua mtu aliye kazini, nikamwomba Bwana Abdulhalim ruhusa. Nilimwomba mara mbili, kwa sababu ya heshima.

Nikangoja jibu mpaka tukamaliza mkondo wa Mkanda.

Hakukataa.