Boma la Wake Sita kwa Mstari Mmoja

Jumatatu, 3 Juni 1996. Magunga.
Asante Mungu, kompyuta imefika! Imeletwa na pikapu kutoka Homa Bay, imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Madam Rispa, meneja wa mradi wetu wa mbuzi wa maziwa, anataka niingize maboma yote kabla ya Alhamisi, siku ya kugawa. Kila nyumba ya mke yenye mtoto chini ya miaka mitano, mbuzi mmoja. Phanice, karani mwenzangu, ana rekodi zake kwenye mkebe wa biskuti. Bahasha kubwa ni boma, ndani yake bahasha ndogo ya kila mke, ndani ya hiyo kadi za watoto. Bahasha ndani ya bahasha! Nikamcheka. Akaniuliza kama nimekula. Mtu mwema, ila wa zamani.

Jumanne, 4 Juni.
Shida. Kompyuta haijui bahasha. Inataka kila boma mstari mmoja, basi. Nikakuna kichwa mpaka chai ya saa nne. Halafu, haleluya! Boma zima nitaligeuza maandishi: jina la mzee, fungua mabano, mke, fungua mengine, watoto, funga. Mke wa pili, hivyo hivyo. Boma la wake wawili limeingia bila taabu! Nikamwita Phanice aone. Akasema ni kazi safi, lakini akauliza Mzee Olang'o wa Kisegi na wake zake sita watakaa wapi humo. Wivu huo. Nikamwambia kompyuta haishibi.

Jumatano, 5 Juni.
Nimemwingiza Mzee Olang'o. Wake sita, watoto ishirini na watatu, vidole ganzi. Kompyuta haikulalamika hata kidogo! Nashukuru sana. Phanice akaomba tulinganishe, yeye na bahasha, mimi na orodha. Nikakataa kwa upole. Mkebe wake nimeuficha stoo, nyuma ya chumvi ya mifugo. Madam akiona tunatumia vitu viwili ataamua kubaki na karani mmoja, na huenda asiwe mimi.

Alhamisi, 6 Juni.
Jamani! Soko la Kisegi limefurika, mbuzi wanalia, mimi na tai shingoni. Nikasoma boma la Mzee Olang'o. Mke wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Wa tano, watoto wake wawili... halafu hakuna. Karatasi nyeupe. Mke wa sita, Mama Byron, amesimama mbele yangu na Byron mgongoni. Miaka miwili, shingo nyembamba, anaishi kwa uji mtupu tangu ng'ombe wao afe. Nikamwambia hayuko kwenye kompyuta. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama hiyo kompyuta imewahi kumtembelea. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Hapo mke wa kwanza, Mama Liz, ambaye kwa cheo hicho hapa huitwa mikayi, akaiweka kamba yake ya mbuzi chini. Akasema hachukui kitu mpaka nyumba ya mwisho ipate. Nikamshukuru, nikaita mke wa pili. Hakusogea. Wa tatu hakusogea. Phanice akaninong'oneza kwamba hakuna mke anayepokea kabla ya mikayi, iwe mbegu, iwe mbuzi. Mimi Mkisii, desturi za huku ningezijuaje? Foleni ikaganda. Madam Rispa akauliza mkebe uko wapi. Nikajibu stoo, kwa usalama wake.

Pikapu ikaenda Magunga mbio, ikarudi na mkebe. Phanice akafungua bahasha, akatoa bahasha, akatoa kadi: Byron. Mikayi akachukua mbuzi wake, wenzake wakafuata, na Mama Byron akapata jike lenye maziwa tayari. Akamkamulia mtoto palepale, kwenye kikombe cha Phanice. Byron akanywa hadi povu likamjaa puani. Mikayi akanishika mkono, akaniambia usilie, mwanangu. Nikasema silii. Nilikuwa nalia.

Jioni nikasoma kitabu cha maelezo, kile nilichokiweka chini ya mguu wa meza. Mstari mmoja unabeba herufi mia mbili hamsini na nne. Zinazozidi zinatupwa kimyakimya.

Jumapili, 9 Juni.
Bado nina kazi! Phanice ameniombea kwa Madam. Sasa yeye ndiye mkubwa wangu, na ananiletea chapati. Jana Sabato nilisimama kutoa shukrani mpaka mzee wa kanisa akaniomba nikae.

Mwezi ujao tunagawa vyandarua, kwa maboma yale yale. Na nimepata dawa! Kinacholiwa ni mwisho wa mstari, si ndiyo? Basi naanza na mke wa mwisho, narudi nyuma. Mama Byron hataachwa tena! Leo nimemaliza boma lote la Mzee Olang'o, mabano yamekaa vizuri. Mikayi, yule mama aliyeniokoa, nimemweka mwisho kabisa.