Ombi la Kuuinamisha Mnara wa Kengele

Ermenegildo Bassotti,
Nyumba ya kona, Uwanja wa Kanisa,
Montalbeto.

Kwa Mheshimiwa Meya Fulvia Tarabelli,

YAH: MNARA WETU KUSIMAMA WIMA KUPITA KIASI

Mheshimiwa, nakusalimu kwa heshima ya cheo chako, na kwa mapenzi niliyokuwa nayo kwa marehemu baba yako, ambaye hakujua kucheza karata lakini alikuwa mtu mzuri. Nisingekusumbua wakati huu wa mavuno ya zabibu kama maji yasingenifika shingoni.

Binti yangu Ornella, mwenye mgahawa chini ya mnara, ameniambia kwamba wageni wasipoongezeka ataufunga kabla ya Krismasi na kuhamia Milano, kwenye hoteli ya rafiki yake. Mimi ni mgane, na mtoto ni huyo mmoja. Nimelitafakari jambo hili nikiwa mlangoni pa mgahawa, ambapo hukaa kila siku kumsaidia kupokea wageni, na nimemjua mchawi wetu. Ni mnara. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnara wetu umenyooka. Una mamia ya miaka na haujayumba hata kidogo. Watu wa Pisa walikosea msingi, na leo dunia nzima inapanda ndege kwenda kulitazama kosa lao. Mafundi wetu walijua kazi, na sisi tunateseka kwa sababu ya ustadi wao. Nauliza kwa unyenyekevu: haki iko wapi?

2. Hata jirani zetu wa Roccaspina, ambao tangu enzi za babu zetu hawajawahi kutengeneza jibini inayolika, wana ukuta wenye ufa. Wameuwekea uzio na taa, na mabasi ya wageni yanasimama pale. Juzi Quirino, yule muuza matairi wa kwao, alinipazia sauti sokoni: "Mzee Gildo! Mnara wenu bado umekaza mgongo kama askari? Poleni jamani!" Watu walicheka, na wengine walikuwa wa kwetu.

3. Wageni wachache wanaofika hawakai. Hili nina ushahidi nalo, maana mimi ndiye ninayewapokea. Mjerumani mmoja, mtu wa heshima zake, alianza kukata tambi kwa kisu. Nilimwendea kwa upole, nikamnyang'anya kisu, nikamfundisha kuzizungusha kwa uma. Alilipa akaondoka bila kumaliza. Akiwa njiani niliona anautazama mnara kwa masikitiko.

4. Bwana na bibi kutoka Uholanzi waliagiza kahawa ya maziwa baada ya chakula cha mchana. Niliwaeleza kwamba hiyo ni ya asubuhi, na kwamba mjomba wangu aliinywa mchana mmoja, na jioni ya siku hiyo hakuiona. Wakainuka. Ni wazi kwamba mnara ungekuwa umeinama wangebaki.

5. Familia moja ya Waingereza ilinyunyiza jibini juu ya tambi za samaki. Hapo nilijizuia. Nilipiga ishara ya msalaba, nikasimama nyuma yao mpaka walipomaliza. Hawajarudi tena.

Kwa hiyo naomba ofisi yako iuinamishe mnara. Siombi makubwa, kiasi tu cha mgeni kunyoosha mikono uwanjani apigwe picha kama anauzuia usianguke. Uinamie mashariki, kwa kuwa magharibi kuna nyumba yangu. Sheria ya majengo ya kale ikikataa, basi mnara uachwe na uwanja ndio uinamishwe. Na hilo likishindikana, wakazi wote tutembee tumelala upande mmoja, ili mnara ndio uonekane umepinda. Nimeshajaribu. Kiuno kinauma, lakini inawezekana.

Padre Callisto ameniuliza, "Gildo, na kengele zikianguka zitamwangukia nani?" Nilimjibu kwamba hilo ni suala la Mungu, na idara hiyo ni yake yeye Padre.

Mheshimiwa, sitaki kuzeeka nikila peke yangu. Shida yangu ni hiyo tu, hayo mengine ni maelezo.

Nisalimie mumeo, katibu wako mwenye mafua, madiwani wote waliokupigia kura na wasiokupigia, na hata yule askari anayedai kwamba kiti changu cha mlangoni kinaziba njia.

Ni mimi mkazi wako mtiifu, niliyenyooka kwa bahati mbaya kama mnara wenyewe,

Ermenegildo Bassotti,
Fundi saa mstaafu.

N.B. Nilimpa Ornella barua hii anisahihishie. Aliisoma amesimama jikoni, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akalia kidogo, jambo ambalo sikulitegemea. Akasema, "Baba, wageni walikuwa wanakuja. Wewe ndiye unayewafukuza. Mnara wa watu una kosa gani?" Nikamuuliza mbona hakuniambia siku zote hizo. Akasema, "Ningekwambiaje, na tangu Mama afariki ni hapo mlangoni tu unapochangamka?"

Amekubali kujaribu kuendelea na mgahawa mpaka Pasaka. Basi, Mheshimiwa, mnara uachwe ulivyo. Badala yake naomba kibali cha kukihamishia kiti changu ng'ambo ya uwanja, penye kisima. Nimeshaenda kupajaribu. Nikiwa pale wageni hawanisikii, lakini Ornella akitoka na sahani namwona.