Haipavaiza wa Vyumba Sita

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mwanangu Goodness amerudi nyumbani, hapa mtaani Kambarage, kwa siku tatu, na laptopu yake! Ijumaa anaonyesha programu yake kwa mabosi kule Geita. Ikikubali, ajira ya kudumu. Ikigoma, mkataba unaishia hapo. Lakini igome vipi, na mtoto ni wangu?

Kanieleza. Ndani ya kompyuta moja zinaishi kompyuta nyingine, kama wapangaji, kila moja ikidhani nyumba nzima ni yake. Mwenye nyumba anaitwa haipavaiza. Programu ya Goodness haina cheo chochote humo ndani, ni raia wa kawaida tu. Ila inamfikia mwenye nyumba kwa kidirisha: inapiga hodi, inataja urefu wa ujumbe, inaupitisha vipande vipande.

Nikashtuka. Vyumba sita ninavyopangisha! Kumbe mimi ni haipavaiza mwaka wa kumi na moja huu!

Jumanne, 10 Juni
Nimetangaza: wapangaji wasiambizane kitu wao kwa wao. Kila ujumbe upite dirisha la jiko langu, idadi ya maneno itajwe kwanza. Eufrasia wa chumba cha tatu kauliza, hata kuomba chumvi? Hata chumvi. Kasema Mama Goodness siku hizi umekuwa ubalozi. Nimemshukuru.

Mama Frank wa jirani kachungulia. Mwanawe anaendesha lori mgodini. Lori!

Jumatano, 11 Juni
Asubuhi Cornel wa chumba cha tano kaja dirishani mbio. Kasema ana maneno manne. Kisha: "Mama, bomba limepasuka." Matatu! Nimemrudisha akahesabu upya. Karudi na "Mama Goodness, bomba limepasuka." Safi kabisa. Ila maji yalishafika kwenye kiroba changu cha unga.

Jioni, balaa hasa. Programu inapitisha jumbe nane, wa tisa unakwama. Goodness machozi yanamlenga. Nikavuta kigoda, nikataka anionyeshe hatua kwa hatua. Hodi, sawa. Urefu, sawa. Ujumbe, sawa. Halafu inaagaje? Eti haiagi, inaanza tu mwingine. Nikamfokea! Sisi Wasukuma, nani anaingia kwa mtu, anasema shida yake, anapotea kimya? Mwenye nyumba wa watu bado kamshikia dirisha!

Goodness kanikodolea macho. Kisha kajipiga paji la uso. Kumbe madirisha yapo nane tu, na hakuna hata moja alilokuwa analifunga. Kaandika mstari mmoja wa kuaga. Jumbe elfu moja zimepita ugali haujaiva!

Ijumaa, 13 Juni
Simu kutoka Geita. Imekubali! Ajira! Mbele ya mabosi ujumbe wa kwanza ulikuwa "Shikamoo", ukarudi "Marahaba". Bosi kauliza aliyemsaidia kupata kosa lile ni nani. Kajibu: mama. Nimelia. Kisha nimemweleza Mama Frank mara tatu, ya tatu kwa kupaza sauti juu ya ua.

Jumapili, 15 Juni
Nimetoka misa nikakuta barua dirishani. Saini za wapangaji wote. Haikutaja urefu! Nimeirudisha bila kuisoma. Bila shaka ni pongezi.

Eufrasia kafunga godoro kwa kamba, nadhani anakwenda kulianika. Cornel kaita guta la kubeba mizigo. Na adabu imewaingia hawa watu! Wote sita wamepita kuniaga, mmoja mmoja, kwa kunishika mkono.

Kesho fundi Theonest anakuja kutoboa madirisha saba mengine jikoni. Yafike nane, kama ya Goodness.