Waswidi Wanaolia Nyuma ya Ukuta Wetu

Lewisham, Jumatatu

Kwako Bwana Eddie, meneja wa bendi ya Norrkula,

Bwana asifiwe. Mimi ni Mama Anne, kiongozi wa korali ya kanisa linalopakana na chumba chenu cha mazoezi. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa Kiingereza changu kina adabu kupita kiasi. Aristide atakutafsiria, akiruka mstari nitamjua kwa macho.

1. Huyo Aristide ni mtoto wa dada yangu, na ndiye mpiga besi wa korali. Mpiga besi wenu alipowaacha akafungue duka la mikate kwao Uswidi, mlimsikia Aristide kupitia ukuta, mkamwazima "mara moja tu". Tangu hapo waumini wanacheza kama watu wanaotafuta kiatu gizani.

2. Nimesoma historia ya bendi yenu. Mlianza kuimba huzuni mkiwa shuleni, mkatoa albamu tano za huzuni, mkawaaga mashabiki mara mbili, mkarudi na huzuni mpya. Niwieni radhi: mnalia nini? Nilimwuliza Aristide kama kwao kulikuwa na vita.

"Hapana, mama mdogo," akasema. "Ni baridi ya kule."

3. Sisi tulipofika hapa Uingereza na huzuni zetu, afisa wa uhamiaji alitaka ushahidi: tarehe, majina, makovu. Wengine waliambiwa mateso yao hayaaminiki. Nyinyi mnasema tu kwamba moyo una ukungu, na ukumbi mzima unapiga makofi. Naomba kila wimbo wenu upite kwanza kwa afisa yuleyule. Aulize: huyo mpenzi alikuacha saa ngapi? Nani alishuhudia? Wimbo ukikataliwa, mtakata rufaa kama sisi.

4. Ugonjwa wenu umeingia nyumbani kwangu. Binti yangu Miradie, aliyezaliwa hapahapa na anayekula vizuri, alikuja ibadani amevaa nyeusi tupu. Mzee wa kanisa akampa pole ya msiba, naye akaipokea. Ilibidi niwazuie akina mama wasianze kupika chakula cha matanga.

Kwa hayo, namtaka mpiga besi wangu kabla ya Pasaka, na huzuni yenu irudishwe kwao kwa ndege ya kwanza, kama wanavyofanyiwa wengine.

Wasalimie wanamuziki wote, pamoja na mpiga ngoma anayetuangushia picha ya mchungaji.

Dada yenu katika Kristo,
Mama Anne

Baada ya sahihi: Kabla sijaituma barua hii, Alhamisi nilikuja mwenyewe kumtoa Aristide kwa kumvuta sikio. Mwimbaji wenu Linnea alikuwa akiimba peke yake. Aristide akaninong'oneza kwamba wimbo unamhusu kaka yake Linnea, aliyetoka nyumbani asionekane tena. Sikuelewa hata neno moja la Kiswidi chake. Nilikaa kwenye ngazi nikamlilia kaka yangu Baudouin, ambaye sikuwahi kumlilia tangu tumwache kwetu Uvira, maana palikuwa na fomu za kujaza. Aristide na abaki nanyi mpaka mmalize ziara. Na huyo dada akikosa wa kumwitikia, mimi naimba sauti ya pili, na Alhamisi sina zamu kazini.