Kamati ya Redio Iliyoota Macho

"Wananchi wote wa Mbeya na Iringa, mnatangaziwa kwamba leo imezaliwa Kamati ya Pamoja ya Kuchunguza Kama Redio ya Kubeba, Ambayo Kazi Yake ni Kuimba, Inaruhusiwa Pia Kuonyesha Picha."

Bwana Sosthenes, Mwenyekiti wa Kamati, alilisoma tangazo hilo kwa kipaza sauti mbele ya ofisi yake, huko bonde la Usangu. Kisha akalisoma tena, kwa sababu mara ya kwanza alijisikiliza mwenyewe likamnogea.

Chanzo cha yote kilikuwa kabichi.

Mzee Budeba, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Usangu na mkewe Mbuke tangu ujana wao, alikuwa na maksai aitwaye Diwani. Jina hilo alipewa kwa sababu alipenda kutangulia hata pale asipoijua njia. Kila asubuhi Budeba alimvisha Diwani redio shingoni, hizi redio ndogo za kuchomeka memori kadi, ikaimba nyimbo za kwao, na ng'ombe wengine wakaufuata wimbo hadi malishoni, jioni wakarudi nao. Fimbo ya Budeba ilibaki kuwa pambo.

Redio ile ikafa. Budeba akaenda Mbeya mjini akanunua nyingine, akaichomeka memori kadi ya zamani yenye nyimbo, na hiyo mpya ikaja na kioo. Ndani ya kioo mlikuwa na filamu ya kareti, imetafsiriwa Kiswahili na kijana mwenye sauti ya kukwaruza. Budeba akasema moyoni, naangalia mwanzo tu. Akamvua Diwani redio, akaketi chini ya mgunga. Watu wa kwenye kioo wakaanza kurushana madirishani. Diwani, kwa kukosa wimbo, ikabidi atumie akili yake mwenyewe, jambo ambalo hakulizoea. Akapata njia. Njia yenyewe ilipita katikati ya bustani ya kabichi, na Diwani hakuwa na haraka.

Bustani ilikuwa ya Bwana Sosthenes. Basi ili haki itendeke vizuri, kesi akakabidhiwa yeye, maana ndiye aliyekuwa na uchungu nayo.

Ng'ombe wote wakafungiwa kwenye zizi nyuma ya ofisi, wakaitwa watuhumiwa. Redio ikaitwa kielelezo. Kwa usalama wa kielelezo Mwenyekiti aliagiza sanduku la mbao kutoka Mafinga, na fundi wa Mafinga hakuwa mtu wa mchezo. Sanduku lilipofika juu ya lori la mbao, lilikataa kuingia mlangoni. Wakajaribu kwa ubavu, wakajaribu kwa kichwa. Likabaki nje, likawa benchi la wageni. Ndipo Mwenyekiti akatoa mwongozo kwamba kielelezo kitavaliwa shingoni na yeye mwenyewe saa zote za kazi. Kamba ya ngozi ilikuwepo tayari, ileile ya Diwani. Ilimkaa vizuri.

Kikao cha kwanza kilifanyika Mbeya, kikakubaliana kuwa cha pili kifanyike Iringa. Cha pili kikafanyika Mlandege, mtaa wa Iringa alikozaliwa Mwenyekiti, na huko ndiko hoja zilikochemka.

"Redio ni redio," alisema Katibu Ambokile, mtu wa Mbeya. "Leo inaonyesha picha. Kesho pasi itataka kuchemsha chai. Nchi itakwenda wapi?"

"Mimi naongea kama mwanakwaya," alisema mjumbe Benedicta, mwimbaji wa parokia pale Iringa. "Wimbo ni wa masikio. Tukianza kuonekana, watu watajua nani anafumbua mdomo bila kutoa sauti. Kwaya itabaki na watu watatu."

"Na wewe ni mmoja wa hao watatu?" akauliza Ambokile.

"Swali hilo liko nje ya hadidu za rejea."

Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa uzito. Aliona kwamba mambo makubwa kama haya hayaamuliwi kwa kusikia tu, akaagiza kielelezo kichunguzwe. Wakaizunguka redio, wakaichunguza filamu ya kareti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha ikabidi ichunguzwe upya, kwa kuwa Katibu alisinzia katikati na hakujua yule mwenye jicho moja alikufa vipi. Kikao kilichofuata kikachunguza sehemu ya mapigano peke yake. Azimio likawa kwamba picha zina madhara, na kwamba madhara hayo bado hayajatazamwa ya kutosha.

Haraka ya nini? Watuhumiwa walikamuliwa kila asubuhi. Mwenyekiti alieleza kwamba maziwa nayo ni ushahidi, na ushahidi wa aina hiyo huharibika upesi. Kwa hiyo ulihifadhiwa ndani ya chai ya Kamati.

Mbuke alikuwa haachi kuja. Bibi mfupi, mkavu, kitenge kimekazwa, macho yanacheka kabla ya mdomo. Alikuwa anaketi juu ya sanduku la Mafinga hadi Mwenyekiti atoke.

"Shikamoo yako iko wapi, baba Mwenyekiti? Au nayo imeshikiliwa?"

"Shikamoo, mama. Kazi nyingi."

"Marahaba. Naiona kazi. Shingo imekuwa nyekundu." Akageuza uso upande wa Mbeya, ambako mawingu yalishaanza kujikusanya. "Mvua hiyo inakuja. Wenzetu wanatengeneza majembe. Diwani akibaki humu ndani, sisi tutalimia nini? Meno? Nami mwenyewe yamebaki ya kuchekea tu."

"Sheria haiangalii mawingu, mama."

"Haya. Ila nisaidie mimi wa darasa la nne. Kosa hasa ni la nani? La ng'ombe, la redio, au la aliyeibeba redio?"

Bwana Sosthenes alisimama pale pale, mkono juu ya kielelezo. Katika vikao vyote, hakuna mjumbe aliyekuwa ameuliza jambo hilo. Alihisi kifungu kinamjia. Vifungu vilikuwa vinamjia hivyo, kama chafya.

"La mbebaji!" akasema. "Ng'ombe anafuata. Redio inafuatwa. Anayewajibika ni mbebaji!"

"Alaa! Na mbebaji akishapatikana, ng'ombe wanakaa zizini kufanya nini?"

"Hawakai. Wanatoka wao, anaingia yeye, mpaka Kamati ikae na kumjadili."

"Mbebaji yeyote?"

"Sheria ni msumeno, mama. Yeyote."

Mbuke akashukuru, akashuka kwenye sanduku, akaenda zake. Mwenyekiti alibaki akimsikitikia. Bibi wa watu alikuwa amejifungia mumewe mwenyewe, na ng'ombe bila mshika jembe ni nyama inayotembea tu. Lakini ndiyo hasara ya kukosa elimu.

Siku ya kutangaza uamuzi, uwanja wa ofisi ulijaa. Kwenye viti vya plastiki vya mbele walikaa wajumbe, wakinywa ushahidi. Waendesha bodaboda waliegesha pikipiki wakazikalia. Mzee Budeba alikuja na shuka lake la kulalia, kwa sababu alishasikia. Mwenyekiti akasimama kwenye kipaza sauti, kielelezo kikining'inia kifuani, akasoma:

"Kuhusu picha, Kamati inaomba muda zaidi wa kutazama. Kuhusu kabichi, Kifungu cha Mbebaji kinasema: yeyote aliyebeba chombo kinachoimba, ndiye mchungaji wa wanyama wote wanaokifuata, naye atawajibika kwa kila watakachokula. Mzee Budeba, sogea."

Budeba akasogea. Mbuke naye akasogea, mikono nyuma.

"Baba Mwenyekiti, mchukue mzee wangu, sikatai. Ila kabla hujamfungia, niambie tu kama redio yangu ni nzima. Nisije nikarudishiwa maiti."

"Kielelezo kimetunzwa kitaalamu," alisema Mwenyekiti.

"Wanasema mmeimaliza kwa kareti, hata kuimba imesahau."

Watu wakacheka. Bwana Sosthenes hakupenda kicheko kile. Heshima ya Kamati nzima ilikuwa inaning'inia shingoni mwake, akaona ni lazima itetewe. Akabonyeza. Akakiinua kipaza sauti, akakielekeza kifuani ili hata wa nyuma wasikie.

Redio ikaimba. Wimbo wa kutokea malishoni kurudi nyumbani, ule wa jioni.

Nyuma ya ofisi kitu kikalia kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusubiri. Kisha fito za zizi zikaanguka, na Diwani akatokea kwenye kona ya jengo akiwa mbele ya watuhumiwa wote. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alitazama uwanja, akaitafuta shingo yenye wimbo, akaiona. Akaja akasimama mbele ya Mwenyekiti kwa adabu, kama mtu aliyeitwa ofisini.

Mwenyekiti akarudi hatua moja. Diwani akasogea hatua moja. Mwenyekiti akaenda kushoto. Ng'ombe wote wakaenda kushoto.

"Izime!" akapiga kelele Ambokile kutoka juu ya kiti.

Mwenyekiti akaishika ile swichi, akaikandamiza kwa nguvu zote. Sasa redio hizi ukikandamiza hiyo swichi hazizimi, zinaongeza sauti. Wimbo ukapanda. Ng'ombe wakakaza mwendo. Bwana Sosthenes akaona hekima ni kwenda nyumbani, akaanza kwa hatua za kiofisi, kisha akaacha uofisi, akakimbia.

"Tangulia, Mheshimiwa, wananchi wako nyuma yako!" walipiga kelele bodaboda. "Kata kona, mzee! Kata kona!"

Nyumba aliyoishi hapo Usangu ilikuwa ng'ambo ya mfereji, na njia ya mkato ilipita kwenye bustani, ambako kabichi mpya zilikuwa zimeanza kufunga. Akaingia humo, akajikwaa kwenye tuta, akakaa chini. Wimbo ukaendelea. Watuhumiwa waliona kwamba kiongozi amefika mwisho wa safari, basi wakainamisha vichwa, wakala.

Umati ulipofika, Benedicta alikuwa ameshika simu juu, anarekodi tangu uwanjani kwa ajili ya kumbukumbu za kikao. Ambokile alikuwa na karatasi ya uamuzi. Aliisoma polepole, akamtazama Mwenyekiti, akaisoma tena.

"Bwana Mwenyekiti, samahani, nina swali la utaratibu. Chombo kimebebwa na nani?"

Bwana Sosthenes, akiwa kati ya mashina ya kabichi, alifikiri kwa makini. Alikuwa mtu wa sheria.

"Na mimi," akasema.

"Sheria ni msumeno," Mbuke alimkumbusha kwa upole, huku anamvua redio na kumvisha Diwani. Budeba alikunja shuka lake la kulalia, kisha akaona si vizuri, akamwachia Mwenyekiti.

Jioni hiyohiyo ng'ombe walikwenda kwao. Sanduku la Mafinga, lililoshindwa kuingia ofisini, liliingia zizini bila shida kwa pale palipobomoka, akakalishwa juu yake mtuhumiwa mpya. Kutoka angeweza, pengo lilikuwa pana kama barabara kuu. Hakutoka. Uamuzi ulikuwa na sahihi yake.

Mvua zikaanza. Siku moja Mbuke akapita na Diwani wakitoka kulima, tope hadi magotini, redio inaimba. Akasimama penye pengo.

"Hujambo, baba Mwenyekiti? Nimekuletea kitu. Kumbe kioo nacho kina faida. Hii ndiyo inayotazamwa sasa, kuanzia Mbeya hadi kwenu Mlandege. Kareti watu wameiacha."

Akambonyezea. Kwenye kioo kidogo, mtu mwenye suti alikuwa anakimbia, na nyuma yake ng'ombe kwa mstari mzuri. Bwana Sosthenes alitazama hadi mwisho. Kisha akaomba irudiwe, maana kuna mahali palimpita.

"Mama," akauliza alipomaliza, "Kamati inakaa lini kunijadili?"

"Niliwauliza. Wanasema hawawezi kukaa na chai ya rangi."

"Si ungewapelekea maziwa kidogo?"

Mbuke akamkaza Diwani kamba ya redio.

"Ningewapelekea, baba," akasema. "Lakini yale ni ushahidi, na kesi sasa si ya kwetu."