Sauti Niliyoikausha Mwenyewe

Jumatatu, tarehe 4
Wachungaji ni wengi, lakini mwenye bahati ni mimi. Waumini wote wananipenda, hata wale wasiopendana wenyewe. Wenzangu wamesoma hadi wakavishwa miwani. Mimi niliishia darasa la saba, na simu inayolia ni yangu. Mke wangu amekwenda kwa dada yake kupumzika. Nyumba imetulia. Imetulia kupita kiasi, kwa kweli. Ninalala upande wangu wa kitanda kama mgeni aliyekatazwa kugusa vitu.

Leo nimekubali harusi, kikao cha ujenzi, kusuluhisha ndugu waliogombania mbwa, na kubariki saluni. Vyote Jumamosi. Kisha shemeji, huyo dada yake mke wangu, kapiga simu. Mke wangu atanipigia Jumamosi mchana, nisithubutu kumwambia niko kikaoni. Kaniambia shemeji, yule ni mkeo, si kamati.

Jumanne, tarehe 5
Nimepata mpango nikiwa naoga. Asiye na sauti hawezi kusema ndiyo! Nimejifunga skafu shingoni na kubandika karatasi mlangoni: sauti imekauka, nimeamriwa kunyamaza hadi Jumapili. Aliyeamuru sikumtaja. Ni mimi. Harusi wametafuta mwingine, saluni wameahirisha. Jumamosi nitakuwa peke yangu na simu. Akili kama hii haifundishwi darasani.

Jumatano, tarehe 6
Ulimi umetulia, ila shingo haikupewa taarifa. Mama Kwaya kaja kuuliza kama kwaya yake itangulie kuimba Jumapili. Kichwa kikaitikia chenyewe. Hajafika getini, wakaja kwaya ya vijana na ombi lilelile. Kikaitikia tena.

Halafu Mzee Seremala, mwenyekiti wa ujenzi. Kasema kukaa hakuhitaji koo, basi kikao kifanyike hapa kwangu, Jumamosi, nisisumbuke kutoka. Nikaitikia mpaka skafu ikalegea. Huruma ya watu hawa itanizika.

Alhamisi, tarehe 7
Nimekula wali mkavu nikiwa nimesimama. Mke wangu angeniuliza nimeshiba chakula au nimeshiba maneno ya watu. Siku anaondoka alisema kila jioni hupasha chakula huku akinisikia nikicheka getini na waumini, nikifika mezani kicheko kimeisha. Alitaka kidogo tu, hata makombo yake. Nikamjibu tutalizungumza baada ya ibada ya maombi.

Leo nimejaribu kucheka peke yangu jikoni. Kimetoka kikohozi. Nimefanya mazoezi ya kusema njoo nyumbani, kichwa ndani ya sufuria kubwa, majirani wasisikie. Ndani mle nina sauti nzuri sana.

Jumamosi, tarehe 9
Kikao kilitakiwa kiishe mapema. Wakaona wasiondoke bila kuniombea koo. Mzee Seremala kanishika shingo kwa mkono wa kupigia randa. Mama Kwaya kapiga magoti, analia kweli, anamkumbusha Mungu mahubiri yangu yote mazuri. Simu ikaita.

Nikaipokea. Mke wangu kasema ameshafunga sanduku, hataki maelezo wala ahadi. Niseme neno moja tu, njoo, na jioni atakuwa nyumbani. Akasubiri. Nilisikia pumzi yake. Wao nao walikuwa wamenikodolea macho, mashavu yamelowa machozi kwa ajili yangu. Nikitamka, watajua nimewadanganya. Watanionaje?

Mke wangu kasema haya, nimeelewa. Akakata.

Walipoondoka nilipiga mpaka simu ikapata joto. Hakupokea. Nikamwandikia ujumbe kwamba tuko pamoja, nitakuja tuyaongee. Kajibu kwamba huo ndio ujumbe ninaomtumia kila muumini.

Jumapili, tarehe 10
Sauti imerudi madhabahuni. Kanisa zima limeruka. Kwaya mbili zimeimba kwa pamoja, nyimbo tofauti, kila moja ikinitazama mimi. Mzee Seremala kanikumbatia akasema Mungu hajawahi kumjibu haraka hivi. Nikasema amina. Sikuwa na moyo wa kumharibia furaha. Mahali anapokaa mke wangu, benchi la mbele, wameweka maua.

Jumatatu, tarehe 11
Shemeji kaja kuchukua nguo zilizobaki. Kasema kabati ni zito kulifungua, nimsaidie. Nikamsaidia. Gauni la bluu nilikunja mwenyewe, vizuri, polepole, maana lilikuwa bado na harufu yake. Kaniomba nibebe mpaka kwenye gari, nikabeba. Kaniomba niombee safari, nikaomba hadi dereva akasema amina. Alipotaka kuondoka kaniuliza kama kuna neno la kumpelekea dada yake. Nikasema mwambie asijali, mimi sina kinyongo. Shemeji akapandisha kioo cha gari.

Mchana kanisa jirani wamesikia habari za sauti yangu. Wananitaka Jumamosi nifundishe semina ya wanandoa. Nimekubali. Wameomba na Jumamosi inayofuata. Nimekubali pia, walikuwa na heshima sana.

Ile bahati niliyojisifia ilikuwa uongo. Mke wangu hakwenda kupumzika. Aliniacha.